Mishipa Ipi? Maneno niliyosema Wete, Pemba, juu ya shingo, damu na ugonjwa wa MS

Assalaam alaykum. Nawashukuru walimu kwa kutuazima ukumbi wa skuli, na zaidi nawashukuru kina mama mlioziacha karafuu zenu kwenye majamvi mkaja kunisikiliza. Wingu nimeliona na mimi. Atakayesikia tone la kwanza juu ya bati atoke mbio, sitomkasirikia.

Mimi si daktari. Nimekaa miaka thelathini na ushei katika chumba chenye giza, nikiwapaka watu jeli ya baridi na kuwapitishia kichwa cha mashine ya ultrasaundi. Baadhi yenu hapa nilikuoneni mkiwa bado matumboni mwa mama zenu, kwa hivyo msinikazie macho.

Nianze na neno letu, mshipa. Kwetu sisi, chochote chembamba kirefu kilichomo mwilini ni mshipa. Njia inayotoa damu moyoni ni mshipa, inayoirudisha ni mshipa, na uzi unaochukua amri kutoka ubongoni mpaka kidole cha mguu nao ni mshipa. Mzee akishikwa na ngiri, anaumwa na mshipa. Na asiyejua kuona aibu tunasema hana mshipa wa haya. Huo miaka yote sijawahi kuukuta kwenye mashine. Sasa mtu akija akatwambia, "Mishipa yake imeziba, ndiyo maana mishipa yake haifanyi kazi," maneno yanakaa sawa kabisa masikioni. Hakuna anayeuliza mishipa ipi. Mimi ambaye kazi yangu ni kuitazama mishipa sikuuliza, na hayo ndiyo niliyokuja kukuelezeni.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwalimu wa hisabati. Mwaka 2008 jicho lake la kulia lilianza kuuma kila akiligeuza, kisha rangi zikaanza kumpotea. Alishika kanga mpya nyekundu akaniambia, "Mjomba, kwa jicho hili kanga hii imefuliwa mara mia." Baada ya wiki kadhaa jicho likarudi, tukasema alhamdulillah, husda imetoka. Mwaka uliofuata ikawa miguu. Jua la kaskazi likiwa kali alikuwa hawezi kumaliza njia ya kutoka skuli hadi kwao. Akishajimwagia maji kisimani, anainuka anakwenda. Watu wakaona hilo ni jini la maji, tena waziwazi. Alinyweshwa kombe, akafukizwa. Kaka yake aliyeko Muscat ndiye aliyemchukua akapigwa picha ya MRI, na huko tukaambiwa jina: maltipo sklerosisi, kwa ufupi MS.

Jina hilo maana yake ni makovu mengi. Mfaransa Charcot ndiye aliyeupambanua ugonjwa huu vizuri, mwaka 1868. Nyuzi za fahamu zimevikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Askari wa mwili, wale wanaotulinda na vijidudu, wanageuka wanautafuna utando huo. Ukiliwa, amri ya ubongo inachelewa au inapotelea njiani. Na waya uliochunika ukipata joto hali huwa mbaya zaidi, hapo ndipo jini la maji linapopata sifa lisizostahili. Duniani wako wagonjwa karibu milioni 3, wengi wanawake, na kwa kawaida huwaanza kati ya miaka 20 na 40. Kwetu ni nadra, na ugonjwa nadra hauna mtu wa kuusemea.

Kitu kimoja mkishike, kwa sababu nitakirudia: kwa watu wengi MS huja na kuondoka. Hushambulia, kisha hurudi nyuma wenyewe, hata usipompa mgonjwa kitu.

Sasa twende Italia, mji wa Ferrara. Yuko daktari mpasuaji wa mishipa ya damu, Paolo Zamboni, ambaye mkewe alipata MS. Alikuwa amezoea kutibu miguu yenye vidonda, ile ambayo damu inatuama chini kwa kuwa vali za mishipa zimechoka. Mnaijua. Watazameni vifundo vya miguu wakaanga bajia waliosimama miaka mbele ya karai: ngozi imekuwa nyeusi na ngumu. Ule weusi ni chuma kilichomo kwenye damu, kimevuja kikaganda chini ya ngozi. Zamboni akajiuliza, ikiwa damu ikituama mguuni huacha chuma na kidonda, je, ikituama kichwani? Na alikuwa na sababu ya kujiuliza. Tangu karne ya 19 wachunguzi waliona kuwa madoa ya MS ubongoni hupenda kuuzunguka mshipa mdogo wa damu.

Basi akachukua ultrasaundi, mashine kama yangu, akapima mishipa mikubwa ya shingo inayorudisha damu kutoka kichwani. Mwaka 2009 alitangaza kuwa amepima wagonjwa 65 na watu wengine 235. Wagonjwa wote wana kasoro ya mtiririko, na wale wengine hata mmoja hana. Katika miaka yangu yote sijaona kipimo cha namna hiyo, hata cha mimba. Hapo ilitakiwa nishituke, lakini nilifurahi.

Tiba yake ikawa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa nyonga, kuupandisha mpaka shingoni, na kuvimbisha kiputo pale palipobana. Wakaiita tiba ya ukombozi. Televisheni ya Canada iliirusha habari hiyo Novemba 2009, na watu wakaanza kupanda ndege kwenda Poland, Mexico, Costa Rica, India. Sisi wa visiwani habari ya kwenda India kutibiwa hatuhitaji kuelezwa. Kaka mtu akaiona kwenye intaneti, akapiga simu: mjomba ana mashine, ampime.

Nikampima. Ilikuwa Ramadhani ya 2011, baada ya alasiri, na alikuwa amefunga ingawa tulimkataza. Nikamlaza, nikaweka kichwa cha mashine shingoni, nikaona mshipa wa kushoto umekuwa uzi. Nikatamka mbele ya dada yangu: "Kweli, umeziba." Maneno mawili tu. Kabla ya Idi, shamba la mikarafuu aliloliacha baba yao lilikuwa lishauzwa.

Hebu kijana wewe wa shati la buluu, njoo ulale hapa kwenye meza. Mashine hii ndogo nimeiazima. Vua kofia. Haya, jamaa, tazameni kioo: lile doa jeusi kubwa ndilo mshipa wa shingo, umejaa kama kidole gumba. Sasa kaa kitako. Mmeona? Umelala chapa kama mpira wa baiskeli uliotoka pumzi. Hajaziba, amekaa tu. Mtu akiinuka, damu ya kichwani hubadili njia ikapitia mishipa ya uti wa mgongo. Lala tena. Vuta pumzi ndani kwa nguvu. Unabana. Toa. Unajaa. Na sasa nakandamiza kidogo tu, uzito wa kidole. Umepotea! Ateri, ule mshipa unaotoa damu moyoni, iliyo pembeni yake inaendelea kudunda, haina habari, kwa sababu ukuta wake ni mnene. Mshipa huu ukuta wake ni kitambaa. Mtu akiwa na kiu, akiwa amefunga, mkono wa mpimaji ukiwa mzito, utauona umeziba. Na mpimaji akiwa anatamani uzibe, mkono huwa mzito wenyewe. Ahsante kijana, jipanguse jeli.

Haya sikuyajua? Niliyajua tangu chuoni. Lakini sikuwa nampima mgonjwa yule siku ile, nilikuwa nampima mtoto wa dada yangu.

Alikwenda India. Aliporudi tulikwenda kumpokea Mkoani, na alishuka ngazi ya meli mwenyewe bila ya kushikwa mkono. Dada yangu alipiga kigelegele, na mimi nikalia mbele ya wachukuzi wote wa bandari. Mwezi mzima nilimhadithia kila anayetaka na asiyetaka kusikia. Mwezi wa nne jicho lile lile likauma tena, na safari hii na mkono.

Nikarudi kwenye mashine. Siku moja isiyokuwa na wagonjwa niliwalaza wafanyakazi wenzangu sita, kisha nikamwomba mmoja anipime na mimi. Kati yetu saba, watatu tulikuwa "tumeziba". Mimi mmojawao, na nilikuwa nimetoka kula pweza na chapati, sina hili wala lile.

Huko nje nao walikuwa wanalaza watu, ila kwa maelfu. Buffalo, Marekani, walipima watu 499: kasoro ile waliikuta kwa asilimia 56 ya wagonjwa, na kwa asilimia 23 hivi ya wazima. Italia walipima karibu watu 1,800, wanaosoma picha wasijue hii ni ya nani. Wagonjwa asilimia 3, wazima asilimia 2. Mwaka 2013 Canada walipitisha mrija wenyewe ndani ya mshipa, ambayo ndiyo njia ya uhakika. Mshipa uliobana zaidi ya nusu ulikuwamo kwa watu saba katika kumi, awe mgonjwa, awe ndugu yake, awe mtu baki. Yaani kubana ndiyo umbile letu. Halafu wapo wagonjwa wa saratani ya shingo waliokatwa mishipa hii pande zote mbili. Huvimba uso, hupata taabu, lakini MS hawapati.

Mtu atasema, achana na vipimo, tiba si iliwasaidia? Ndiyo maana nilikwambieni mkishike kile kitu. Ugonjwa unaorudi nyuma wenyewe humpa sifa yeyote aliyekuwa jirani siku hiyo: mganga, kiputo, hata bahari ya Mkoani. Canada waliwachukua wagonjwa 104. Wote walipitishiwa mrija. Baadhi kiputo kikavimbishwa, wengine hakikuvimbishwa, na wenyewe hawakuambiwa. Baada ya mwaka hakukuwa na tofauti baina yao. Majibu yalitoka 2017. Mwaka huo huo Zamboni mwenyewe alitoa majibu ya jaribio lake la watu 115, lililofanywa kwa mtindo huo huo, na akaandika kuwa tiba hiyo haifai kupendekezwa kwa wagonjwa wa MS. Wengi humcheka. Mimi namvulia kofia, maana aliitia hoja yake mizanini mbele ya watu, ikamwangusha, naye akatangaza kuwa imeanguka. Mimi maneno yangu mawili yalinichukua mwaka mzima kuyafuta, tena nyumbani tu.

Madhara yalikuwapo. Wengine walitiwa na stenti, kijibomba cha waya cha kuushikilia mshipa usibane; California moja ilichomoka shingoni ikateremka mpaka moyoni, mgonjwa akapasuliwa kifua kuitoa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo Mei 2012, likitaja na vifo.

Na ule mshipa mdogo ulio katikati ya doa? Uko kweli. Askari wa mwili huingia ubongoni wakitokea kwenye damu, na hapo ndipo wanapovukia. Ni mlango, na wezi wamepita mlangoni.

Nani aliyewachochea askari? Mwaka 2022 Harvard walitoa uchunguzi wa damu za wanajeshi wa Marekani, zaidi ya milioni 10 kwa miaka ishirini. Walioambukizwa virusi vya Epstein-Barr, uwezekano wao wa kupata MS ulipanda mara 32. Virusi hivyo vilionekana mara ya kwanza mwaka 1964, mwaka wetu wa Mapinduzi, katika uvimbe wa taya za watoto wa Uganda. Karibu sote humu tunavyo, na wengi hatutougua, kwa hivyo peke yake havitoshi. Lakini dawa zinazowatuliza askari zinafanya kazi. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani 1993, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha ya dawa muhimu, mojawapo rituksimabu, dawa ya zamani ya saratani ya tezi za limfu. Bei bado ni ya kuumiza. Lakini makovu yaliyokwisha kuingia hazifuti, kwa hivyo anayewahi hupata zaidi.

Swali? Naam, Bi Mkubwa. Chuku. Nililitarajia. Chuku inatoa damu ya kwenye ngozi, haifiki huko nilikokuonesheni. Ukiona inakupa raha ya mabega, piga, kwa wembe mpya. Mgonjwa wa MS asiache sindano yake kwa ajili ya chuku, ndilo ombi langu kwako.

Na mzee wa nyuma anauliza mikarafuu. Haikurudi, mzee wangu. Aliyeinunua ni jirani, wala hakutudhulumu, alitoa bei ya siku ile. Mpwa wangu yuko, anatumia fimbo, anafundisha vipindi vya asubuhi kabla jua halijapanda, na dawa anapewa Muscat mara mbili kwa mwaka. Njia yake ya skuli inapita pale pale shambani. Juzi alinipigia simu akaniambia, "Mjomba, mwaka huu imezaa mpaka matawi yameinama."

Haya, hilo tone la kwanza. Nendeni mkaanue.