Anza na Ngama: Kukagua Mifumo ya Boti ya Kabini Iliyotumika Kabla ya Kuinunua

Mhadhara uliotolewa Goma mbele ya wanunuzi wa boti, manahodha na mafundi

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na dada wa hapa Goma pamoja nanyi mliovuka ziwa kutoka Idjwi na Bukavu, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumze juu ya boti za kabini, yaani zile zenye chumba cha kulala, jiko dogo na choo, ambazo mara nyingi humfikia mnunuzi wa huku kwetu zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi kwingine. Nimewasindikiza wanunuzi wengi kuzitazama boti za namna hiyo, na karibu kila mara nimeona jambo lile lile: mnunuzi anaingia kabini, anakaa juu ya mito, anasifu rangi, anaomba injini iwashwe, na ikinguruma vizuri moyo wake umekwisha kununua kabla ya mkono kutoa pesa. Leo nawaomba mfuate njia ya kinyume. Anzeni na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, chini ya sakafu, ambako maji hukusanyika, mwende kwenye betri, na injini iwe ya tatu.

Sababu ya mpango huo ni ziwa lenyewe. Gari likizimika umeme njiani kuelekea Sake, abiria wanashuka na kusubiri fundi. Boti ikizimika umeme, pampu ya ngama nayo inasimama, taa zinakufa, injini haiwezi kuwashwa tena, na yote hayo hutokea kwa dakika moja. Kivu si ziwa la kumfariji mtu kwamba atatupa nanga na kungoja, kwa maana kina chake kinafika mita 485 hivi, na mahali pengi ukingo unatumbukia ghafla kiasi kwamba ukijitenga kidogo tu na mawe ya pwani, mnyororo wa mita 50 hauigusi ardhi. Boti isiyo na nguvu huku kwetu inakwenda inakopelekwa na upepo. Kwa hiyo kila mfumo tunaoukagua tuupime kwa swali hili: ukifa usiku katikati ya Goma na Idjwi, utakufa na mifumo mingine mingapi?

Basi fungueni vibao vya sakafu mwingie ngamani kwa tochi. Maji machache yaliyotulia si ajabu, lakini tazameni ukutani kama kuna mistari ya uchafu inayoonyesha kwamba maji yalipata kupanda, hasa kama mistari hiyo imefika kwenye injini au kwenye betri. Muuzaji anaweza kuosha ngama asubuhi, lakini mara nyingi husahau upande wa nyuma wa tangi na chini ya ngazi. Kisha tafuteni vali zote zilizofungwa kwenye matundu yaliyo chini ya mstari wa maji: ya kupoza injini, ya choo, ya sinki. Kila moja ifungeni na kuifungua kwa mkono wenu wenyewe. Vali iliyoganda ikiwa wazi ni sawa na tundu lisilo na kizibo, na msikubali kuambiwa kwamba italainika ikitiwa mafuta. Ihesabiwe kuwa ni ya kubadilishwa, na gharama yake itolewe katika bei. Kando ya kila vali pawe na kizibo cha mti kilichochongwa na kufungwa kwa kamba, tayari kupigiliwa tunduni bomba lake la mpira likikatika.

Nitakaa kidogo kwenye pampu ya ngama, kwa sababu watu huiamini kuliko inavyostahili. Mpira wa upana wa sentimita 5 ukichomoka kwenye vali iliyo sentimita 30 chini ya maji, maji yataingia zaidi ya lita 150 kwa dakika. Pampu iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa, hata ingefanya kazi yote iliyoahidiwa kwenye kibandiko, inatoa lita 33 tu kwa dakika, na ikibidi isukume maji juu mita moja na zaidi hutoa pungufu ya hapo. Pampu basi haiokoi boti iliyotoboka, bali inampa nahodha muda wa kufika kwenye vali. Ndiyo maana swichi yake ya boya, ile inayojiinua maji yakipanda, ni lazima iunganishwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa na hakuna mtu botini. Iinueni ile swichi kwa kidole. Halafu mwagieni ndoo mbili za maji safi ngamani mwone kama kweli yanatoka nje, maana pampu inaweza kulia vizuri huku haivuti chochote.

Mkiwa bado mmeinama hapo, vuteni pumzi. Sisi watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa mazuku ni nini. Tunajua kwamba hewa nzito hujilaza mabondeni na kumuua mtu au mbuzi aliyeshuka humo bila kujua. Mvuke wa esansi, yaani petroli, nao ni mzito kuliko hewa, na gesi ya kupikia vilevile, na ngama ndilo bonde la boti. Tofauti ni kwamba mazuku hayashiki moto, na hivi viwili vinashika kwa cheche moja ya swichi. Boti yenye injini ya esansi iliyofungwa ndani lazima iwe na feni ya kutoa hewa ngamani, na feni hiyo iendeshwe angalau dakika 4 kabla ya kuwasha injini. Washeni hiyo feni na mshike mkono kwenye tundu la kutokea hewa, kwa kuwa bomba lake mara nyingi limeanguka ndani na feni inazungusha hewa ile ile. Chukueni kitambaa kikavu mkipitishe juu ya kila mpira wa mafuta, kisha mkinuse. Kikinuka esansi, mpira umekwisha kuoza hata kama kwa macho unaonekana mzima. Mtungi wa gesi ukae kwenye sanduku lake lenye tundu la chini linalomwagia nje ya boti, kamwe usiwe chini ya kitanda.

Betri sasa. Njooni na mita ya umeme, si kwa bei kubwa mtaipata sokoni. Betri ya kawaida ya risasi iliyoshiba na kupumzika saa kadhaa huonyesha volti 12.6 au 12.7; ikionyesha 12.2 imebaki nusu, na ikiwa 12.0 imekaribia kuisha. Mtakapofika kwenye kuiwasha injini, mmoja aiwashe huku mwenzake akiitazama mita: namba ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, betri imechoka au nyaya zina kutu ndani. Injini ikisha kuwaka, namba ipande kati ya 13.8 na 14.4 hivi, vinginevyo alteneta haichaji. Afadhali boti iwe na betri mbili zilizotengwa, moja ya kuwashia injini peke yake na nyingine ya taa, friji na redio, ili jioni ya muziki isimwache nahodha bila stata.

Nyaya zenyewe zinaeleza maisha ya boti kuliko maneno ya muuzaji. Waya wa boti ni ule wenye nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu mtetemo wa injini huukata waya mgumu wa uzi mmoja tunaoutumia kwenye nyumba. Mkiona waya wa nyumba umeongezwa, umesokotwa kwa mkono na kufungwa plastiki, fuateni unakokwenda mpaka mwisho, na kila kiungo cha namna hiyo mkiandike. Zaidi ya hayo, ulizeni boti ilitoka wapi. Iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya ina umeme wa pwani, yaani ule unaovutwa kwa waya kutoka nchi kavu boti ikiwa imefungwa, wa volti 230 unaopatana na wetu, lakini iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ina vifaa vya volti 120, na chaja yake ikichomekwa kwenye umeme wa hapa bila transfoma inaweza kuungua siku ile ile.

Tufike kwenye injini. Niliwahi kumsindikiza mzee mmoja hadi Bukavu kutazama boti nyeupe nzuri yenye injini ya mazutu, yaani dizeli. Tulipofika, muuzaji alikuwa amekwisha kuiwasha, akatuambia amefanya hivyo ili tusipoteze muda. Iliendeshwa bila kasoro, mzee akalipa. Asubuhi ya tatu, kukiwa na baridi, iligoma kuwaka, na ilipowaka ilitoa moshi mweupe kwa robo saa nzima. Mbanano wa silinda ulikuwa umekwisha. Lawama ile naibeba mimi niliyemsindikiza, kwa kuwa nilipaswa kuomba turudi kesho yake. Tangu siku hiyo jambo langu la kwanza ni kuweka kiganja juu ya injini kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, hatununui leo.

Injini ikiwa baridi, chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ya mazutu ni kawaida, lakini yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Iwasheni na mkimbie kutazama nyuma: maji ya kupoza yatoke pamoja na moshi ndani ya nusu dakika hivi. Yasipotoka, zimeni mara moja, maana pangaboi dogo la mpira lililo ndani ya pampu ya maji huharibika upesi likizunguka kavu. Boti iliyofanya kazi baharini ina hatari nyingine iliyojificha, nayo ni kiwiko cha ekzosi, mahali maji na moshi vinapokutana. Chumvi hukila kutoka ndani, na siku kikitoboka maji hurudi kwenye silinda. Fungueni mpira wake mchungulie. Tazameni pia vile vipande vya madini vinavyofungwa chini ili viliwe na kutu badala ya pangaboi la kusukumia boti na shafti yake: vya zinki ni vya baharini, na katika maji yasiyo na chumvi hujifunika ganda na kuacha kufanya kazi, hivyo huku ziwani vibadilishwe viwe vya magnesi au aluminiamu.

Kuna jambo la mwinuko ambalo fundi aliyejifunza pwani hawezi kulikumbuka. Uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban sehemu moja ya saba ya nguvu yake. Pangaboi lililochaguliwa Mombasa au Ulaya linaweza kuwa zito mno kwa injini hiyo hapa, ikashindwa kufikia mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji na kutoa moshi mweusi, ingawa haiumwi popote. Msiikatae boti kwa hilo pekee. Linganisheni kwanza na pangaboi lenye pembe ndogo zaidi. Na kwa sababu hiyo hiyo ya mwinuko, maji huchemka hapa kwa nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko wa tangi la maji ya kupoza, ule wenye springi, ndio unaoyazuia yasichemke kwa kuyaweka chini ya mkandamizo, basi mfuniko uliolegea ambao pwani ungevumilika, hapa utaipasha injini moto kupita kiasi.

Boti nyingi za kabini hazina shafti ndefu bali zina mguu wa kuendeshea uliofungwa nyuma, na kati ya mguu na boti kuna mpira wa kukunjika kama kinanda cha mkono. Mpira huo ukipasuka, boti inazama ikiwa imefungwa bandarini. Geuzeni mguu kulia na kushoto, mpapase kila kunjo mkitafuta nyufa. Tundu la oili ya mguu nalo lifunguliwe kidogo, mtazame kama oili ni safi au imekuwa nyeupe.

Mafuta yetu hupita kwenye bidoni nyingi kabla ya kufika tangini, kwa hiyo tieni mafuta ya chini ya chujio kwenye chupa angavu na kuyaacha yatulie. Maji yatajitenga chini. Kipima kina kisiwatie shaka kikinyamaza katikati ya ziwa, kwani vifaa vingi vidogo havifiki chini ya Kivu. Kijaribuni karibu na ukingo kwa kukilinganisha na kamba yenye jiwe. Usukani uzungushwe mpaka mwisho wa kila upande bila kukwama wala kudondosha oili.

Choo sikipiti haraka. Familia nyingi za Goma huteka maji ziwani kwa bidoni, na kipindupindu tunakijua kwa majina ya jirani zetu. Boti ya kabini isiyo na tangi la kuhifadhi uchafu, au yenye vali ya choo inayomwaga ziwani ikiwa wazi daima, kwa maoni yangu haijakamilika, na bei ya kuifungia tangi iingizwe katika mazungumzo.

Mwisho ni safari ya majaribio, isipungue saa moja, nusu saa yake kwa mwendo mkubwa. Kabla ya kuondoka, kausheni ngama kwa sifongo mpaka kitambaa kitoke kikavu. Mkirudi, kabla ya mtu yeyote kushuka, fungueni tena vibao mshuke na tochi. Kila tone mtakaloliona limeingia ndani ya saa hiyo, basi lifuateni kwa kidole mpaka mjue kama ni maji, oili au mafuta, na limetoka kwenye kiungo kipi. Andikeni. Kisha funikeni vibao, mnawe mikono, ndipo mkae na muuzaji kuzungumza bei.