Kaboni Moja Katikati: Mhadhara juu ya Mmenyuko wa Mannich

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshawahi kumeza amodiakwini, dawa ya malaria. Zanzibar ilianza kuitoa pamoja na atesuneti, dawa nyingine ya malaria, mwaka 2003. Ndani ya dawa ile ipo kaboni moja iliyokaa kati ya pete ya fenoli (pete ya kaboni yenye hidroksili, yaani OH) na naitrojeni. Leo nataka tuone imefikaje pale.

Imetoka kwenye fomaldehaidi, ile ile ya fomalini ya mochwari. Mmenyuko unaoiweka pale ulielezwa mwaka 1912 na Mjerumani, Carl Mannich.

Utasikia watu wakisema unachanganya amini (kiwanja chenye naitrojeni), fomaldehaidi na ketoni (kiwanja chenye kabonili, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu, katikati ya kaboni mbili), basi. Mimi siridhiki, maana jambo zima liko katika nani anamtangulia nani. Anayetangulia ni amini. Naitrojeni yake ina jozi ya elektroni isiyofungwa, nayo hudaka kaboni ya fomaldehaidi. Asidi husaidia oksijeni kuondoka ikiwa maji. Inabaki ioni ya iminiamu, yaani kaboni iliyoshikana na naitrojeni kwa kifungo maradufu na yenye chaji chanya, yenye njaa zaidi ya elektroni kuliko fomaldehaidi yenyewe.

Ketoni nayo haikukaa bure. Haidrojeni kutoka kaboni iliyo jirani na kabonili imehamia kwenye oksijeni, na ketoni imekuwa enoli, umbo lake lenye hidroksili. Enoli ina elektroni za kutoa, iminiamu inazitafuta; kaboni inaungana na kaboni. Katika amodiakwini, fenoli ndiyo inayoshika nafasi ya ketoni, nayo haihitaji hata kugeuka, kwa kuwa hidroksili yake iko tayari kwenye pete.

Asidi ipimwe kwa uangalifu. Ikikosekana, iminiamu ni adimu na enoli huchelewa. Ikizidi, protoni huziba ile jozi ya naitrojeni, na amini haidaki kitu tena.

Maabara tunachemsha asetofenoni, chumvi ya dimethilamini, poda ya parafomaldehaidi na asidi kidogo ndani ya ethanoli, kwa saa mbili hivi, mvuke ukipozwa na kurudi chupani. Mwanzoni mchanganyiko ni mzito, poda inazunguka chini. Taratibu unakuwa maangavu, wenye umanjano kidogo. Mimina asetoni, weka kwenye barafu, usubiri: fuwele nyeupe zinajitokeza. Kila mara huwa nainama kuzitazama.

Ila kilichonifanya niipende kazi hii ni alichofanya mkemia Robert Robinson mwaka 1917. Kabla yake, mkemia Willstätter alikuwa ametengeneza tropinoni kwa safari ndefu ya hatua nyingi. Robinson alichukua methilamini, aldehaidi yenye ncha mbili (yaani yenye kundi la aldehaidi kila upande), na asidi yenye kiunzi cha asetoni, akaviweka pamoja ndani ya maji. Mmenyuko huu ukatokea mara mbili juu ya naitrojeni ile ile, pete mbili zikafunga, akapata tropinoni, iliyobeba kiunzi kile kile cha atropini, dawa ambayo daktari wa macho hutumia kupanua mboni.