Vipimo vya Miwani ya Kazi: Mhadhara kwa Mafundi wa Nyakato, Mwanza

Ndugu mafundi, wazee wangu wa mitumbwi mliotoka Kirumba na Igombe, na kina mama mnaoponda kokoto kwenye miamba yetu, nawashukuru kwa kuacha kazi asubuhi hii mkaja kunisikiliza.

Nianze na jambo mlilolizoea. Katika karakana nyingi ninazoingia, naikuta miwani ya kinga imetundikwa kwenye msumari ukutani, ilhali mwenyewe ameinamia grainda macho wazi. Nikimwuliza sababu, haniambii kwamba haogopi cheche. Huniambia kwamba akiivaa haoni anachokikata, au kwamba inamkaza nyuma ya masikio mpaka kichwa kinauma. Nimefika mahali pa kukiri kwamba sehemu ya kosa hilo ni yetu sisi wapimaji wa macho, kwa kuwa tunampima fundi kana kwamba kazi yake ni kusoma gazeti.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta. Lenzi ya dayopta 1 huikusanya miale itokayo mbali katika umbali wa mita 1, ya dayopta 2 katika nusu mita, na ya dayopta 2.50 katika sentimita 40. Sasa mchukulieni fundi wa mitumbwi mwenye miaka hamsini na tano, ambaye mbali anaona vizuri ila karibu kumemshinda. Akipewa miwani ya +2.50 ataona herufi za gazeti bila taabu, lakini msumari anaoupigilia kwenye ubao uko sentimita 65 kutoka machoni pake, na hapo alihitaji kama +1.50 tu. Atasogeza kichwa mbele, mgongo utamuuma, na kabla ya adhuhuri ataivua. Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kwenda kupimwa, mwambieni mwenzenu ashike futi apime kutoka jichoni mwako hadi kwenye kazi yako, kisha namba hiyo mpeni mpimaji hata kama hakuuliza. Na kama unafanya kazi chini ya chombo kilichopinduliwa, ukitazama juu, mweleze pia, kwa sababu lenzi zenye sehemu mbili huwekwa sehemu ya karibu upande wa chini, nawe unaihitaji juu.

Kipimo kinachoharakishwa kuliko vyote ni umbali kati ya mboni. Kila lenzi ina kitovu, na kitovu hicho hakina budi kukaa mbele ya mboni ya anayeivaa. Watu wazima wengi wako kati ya milimita 54 na 74, tofauti ambayo ni kubwa mno kukisiwa kwa kumtazama mtu usoni. Ninapopima kwa rula, nakaa mbele ya mtu, macho yetu yakiwa kimo kimoja. Namwambia atazame jicho langu la kushoto huku nimefumba la kulia, naweka sifuri kwenye mboni yake ya kulia, kisha atazame jicho langu la kulia nami nisome namba kwenye mboni yake ya kushoto bila kuisogeza rula. Ukipima kwa jicho moja tu, rula inakudanganya. Pua zetu nazo mara nyingi haziko katikati kabisa, hivyo kila upande huandikwa peke yake.

Je, milimita chache zina madhara gani? Kitovu kikihama milimita 5 kwenye lenzi ya dayopta -6.00, yaani ya mtu asiyeona vizuri mbali, miale hupinda kiasi cha kukisogeza kitu sentimita 3 kwa kila mita 1 ya umbali. Macho mawili yakipotoshwa hivyo, misuli yake hushindana kutwa nzima, na mwenyewe husema tu kwamba miwani ni kali. Vivyo hivyo kwa wenye kasoro ya mviringo wa jicho: mhimili wa lenzi, yaani mwelekeo ambamo sahihisho limewekwa, ukigeuka nyuzi 30, faida yote ya sahihisho hilo imepotea.

Nije kwenye kinga. Lenzi ya kawaida ya plastiki, hata iwe nene, si kinga ya kipande cha jiwe. Polikaboneti ndiyo inayohimili pigo, ingawa hukwaruzika upesi na huharibiwa na asetoni, kwa hiyo msiifute kwa dawa ya kuondolea rangi. Tafuteni alama ya Z87+, ya kiwango cha Marekani cha miwani ya kinga, kwenye lenzi, na Z87-2 kwenye fremu iliyoundwa kubeba lenzi za vipimo. Alama kwenye fremu peke yake haitoshi. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 166, herufi F maana yake lenzi imehimili kigololi cha chuma kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Vibao vya pembeni msiving'oe, maana kokoto haliji kwa mbele tu.

Wachomeleaji wa umeme, miwani ya jua si kinga yenu, hata iwe nyeusi kama usiku. Ninyi mnahitaji barakoa yenye kioo cha giza cha namba 10 au zaidi kwa kadiri ya umeme mnaotumia, na chini yake miwani ya kinga yenye vipimo vyenu, kwa kuwa mnapoinua barakoa kugonga magamba ya chuma ndipo vipande huruka. Ule moto wa macho unaowaamsha usiku, kama mtu aliyetiwa mchanga, huanza saa kadhaa baada ya kazi. Msiutibu kwa maziwa wala majani, nendeni hospitali.

Rula yangu hii hapa, na kiti kiko tayari karibu na dirisha. Wazee watangulie, na kila mmoja aje na ile miwani yake iliyotundikwa msumarini.