Kanada inataka Kifaransa chetu. Karatasi zetu je?

Jambo yenu, watu wa Lubumbashi, wa Kamalondo, wa Katuba, wa Ruashi! Leo ni Kanada, na tuanze na shida zao wenyewe kabla ya zetu.

Wanazeeka. Mwanamke wa kule anazaa kwa wastani mtoto 1.25, na mwaka 2023 karibu asilimia 98 ya ongezeko la watu ilitokana na uhamiaji. Bila wageni hospitali zinakosa wauguzi, na pensheni inakosa wachangiaji. Ila nyumba hazikujengwa kwa kasi hiyo. Kodi ya pango ikapanda, wenyeji wakanung'unika, na Oktoba 2024 serikali ikapunguza: nafasi 500,000 za ukaaji wa kudumu zilizopangwa kwa 2025 zikashuka hadi 395,000.

Wengi waliposikia hivyo wakafunga mafaili. Walifanya haraka. Kifaransa hakikupunguzwa, kiliongezwa. Lengo la wasemaji wa Kifaransa nje ya Québec lilikuwa asilimia 6 mwaka 2024, likapandishwa hadi 8.5 mwaka 2025, kwa sababu jamii za Kifaransa za Ontario, Manitoba na New Brunswick zinapungua uzito. Tarehe 21 Machi 2025, kupitia Entrée express, mfumo unaowapanga waombaji kwa alama za umri, masomo, lugha na kazi, watu 7,500 wa kundi hilo walialikwa kuomba ukaaji wa kudumu, na alama 379 kati ya 1,200 zilitosha. Waliokuwa tayari wanafanya kazi ndani ya Kanada walihitaji zaidi ya 500 mwaka huo.

Sasa tahadhari ya kwanza: mfumo huu ni wa mtu anayekusudia kuishi nje ya Québec. Ukiandika kwamba unakwenda Montréal kwa shangazi, umejitoa mwenyewe. Québec ina njia yake.

Mtihani. Unahitaji kiwango cha 7 cha kipimo cha Kifaransa cha Kanada (NCLC) katika sehemu zote nne. Kwa TCF Canada, mmoja wa mitihani inayokubaliwa, ni 10 kati ya 20 kwenye kuandika na kuongea, 458 kwenye kusikiliza, 453 kwenye kusoma. Mtu anasema, "Mimi nimesoma Kifaransa tangu shule ya msingi, nijifunze nini tena?" Basi ajue kusikiliza ni maswali 39 kwa dakika 35, na sauti inapigwa mara moja tu. Kuandika ni kazi tatu kwa saa moja, kila moja na idadi yake ya maneno. Ya tatu inataka ulinganishe maoni mawili kisha useme msimamo wako kwa maneno 120 hadi 180. Fanya mazoezi ukiwa na saa mezani. Matokeo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mtihani kabla karatasi nyingine hazijakaribia kukamilika.

Na karatasi ndiyo mahali tunapoangukia. Chukua ile attestation de service ya kwetu, barua ya mwajiri ya kuthibitisha kazi: jina, cheo, tarehe mbili, muhuri mkubwa, basi. Kule haitoshi. Barua iseme kazi ulizofanya siku kwa siku, saa kwa wiki, mshahara, na iwe na anwani ya aliyeisaini. Fundi umeme wa mgodini aliyeajiriwa kwa sous-traitance, yaani na kampuni ya kati, aiombe kwa yule anayemlipa, hata kama kofia yake ina jina la kampuni ya mgodi.

Kisha jina. Sisi tuna nom, postnom na prénom. Fomu yao ina nafasi mbili tu. Diploma ina majina matatu, cheti cha kuzaliwa kina mawili, paspoti imepanga kivingine, na ofisa wa mbali anaona watu watatu. Fuata paspoti kila mahali, herufi kwa herufi, na palipo tofauti tafuta hati ya kisheria ya kwetu inayothibitisha kwamba ni mtu mmoja. Anza na hili, maana état civil, ofisi ya vizazi na ndoa, haina haraka.

Pesa: kiasi kilichowekwa Julai 2025 kwa mtu mmoja kilikuwa dola za Kanada 15,263. Si za kukopa. Barua ya benki inaonyesha wastani wa miezi sita, kwa hiyo likelemba, ile pesa ya mchezo wa kupeana zamu, iliyoingia wiki jana kwa mkupuo itazua maswali.

Komisionere anayekuuzia "ofa ya kazi ya kuongeza alama" anakuuzia hewa: alama hizo zilifutwa tarehe 25 Machi 2025. Karatasi ya uongo ikigunduliwa, unafungiwa miaka mitano.

Niseme ukweli mmoja mchungu. Mzazi wa kwetu amelipa minerval, ada ya shule, miaka yote, Kanada inampokea mhandisi bila kutoa hata senti ya masomo yake, halafu inamweka kulinda ghala usiku. Kupimiwa diploma kwa ajili ya uhamiaji hakukupi ruhusa ya kufanya kazi ya uhandisi, uuguzi au udaktari. Ruhusa hiyo inatoka kwa chama cha taaluma cha jimbo. Soma masharti ya chama hicho kabla hujachagua jimbo, ukiwa bado Lubumbashi, kwa sababu mtaala wa masomo yako unaombwa kwa urahisi zaidi na mtu anayeweza kusimama mwenyewe mbele ya dirisha la sekretarieti ya chuo.

Ukialikwa una siku 60 za kutuma kila kitu. Casier judiciaire, hati ya rekodi ya makosa, ya kila nchi uliyoishi miezi sita au zaidi mfululizo ndani ya miaka kumi inaingia humo, na Zambia nayo inahesabiwa, wale wa mpakani Kasumbalesa mnaonisikiliza.