Njaa, Shibe na Meza ya Chakula katika Kiebrania cha Kila Siku

Ndugu wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa niseme nanyi mnaojiandaa kwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo kwa vitendo, kama walivyotangulia vijana wengine wa Tanzania na Kenya waliokwenda kujifunza katika mashamba ya bonde la Arava. Nimechagua kuanza na njaa na chakula badala ya salamu, kwa kuwa salamu mtazishika wenyewe kwa kuzisikia, ilhali mtu aliyetoka shambani akiwa hoi anahitaji sentensi kamili, na anaihitaji papo hapo.

Sisi husema "nina njaa" au "nasikia njaa", na sentensi hiyo haimwambii msikilizaji kama aliyeisema ni mwanamume au mwanamke. Katika Kiebrania jambo hilo halifichiki. Njaa yenyewe huitwa "raav", lakini katika mazungumzo ya kawaida mtu hasemi kwamba anayo. Hujieleza kwa kivumishi, na kivumishi hicho hufuata jinsia yake. Mwanamume husema "ani raev", mwanamke husema "ani reeva", na kwa kuwa kitenzi cha "kuwa" hakitajwi katika wakati uliopo, maneno hayo mawili yanatosha. Mwenye kiu ni "tsame" akiwa mwanamume na "tsmea" akiwa mwanamke. Aliyeshiba ni "savea" au "svea". Hata anayeulizwa huulizwa kwa jinsia yake: "ata raev?" kwa kaka, "at reeva?" kwa dada, na kwa kundi lenye wanaume ndani yake, "atem reevim?" Kwa sababu hiyo nawasihi msikariri orodha za maneno. Karirini sentensi mbilimbili, ya kiume na ya kike, hadi ulimi uzoee kuchagua bila kusubiri.

Wasomaji wa Biblia miongoni mwenu watafurahi kujua kwamba maneno haya ni ya zamani sana. Mithali 27:7 inalinganisha nafsi iliyoshiba, inayolikanyaga sega la asali, na nafsi yenye njaa, ambayo kwake kila kichungu ni kitamu. Katika maandishi ya Kiebrania maneno yaliyotumika hapo ni yaleyale "svea" na "reeva", yakiwa katika umbo la kike kwa sababu neno "nefesh", yaani nafsi, ni la jinsia ya kike.

Sasa nisimame kidogo kwenye matamshi, maana hapa ndipo Waswahili wengi huteleza. Sauti ya "kh" haitawasumbua waliozoea kusema "sheikh" na "subalkheri". Mzigo uko kwenye mkazo. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, bila hata kufikiri. Kiebrania huuweka zaidi kwenye silabi ya mwisho, lakini si siku zote. Chukueni neno "okhel". Ukikaza silabi ya kwanza, umesema "chakula". Ukikaza ya mwisho, umesema "anakula" au "mlaji", kwa mwanamume. Herufi ni zilezile, na kinachotenganisha maana ni mkazo peke yake. Kwa hiyo mnaposema "ani lo okhel basar", yaani "mimi sili nyama", kazeni mwisho; dada atasema "ani lo okhelet basar". Mnapotaja "khadar okhel", ambao ni ukumbi wa kulia chakula wa kibutsi, yaani kijiji cha ushirika cha Israeli, kazeni mwanzo wa "okhel".

Katika ukumbi huo, au katika mkahawa, swali la kwanza ni "ma yesh leekhol?", kuna nini cha kula? Lakini kujua kuuliza bila kujua taratibu za jiko hakutoshi. Jiko linalofuata sheria za Kiyahudi hutenganisha vyakula vya nyama, "basari", na vya maziwa, "khalavi", pamoja na vyombo vyake, kwa msingi wa katazo la Torati la kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake. Samaki, mayai, nafaka na mboga huitwa "parve", havimo katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Nalisisitiza hili kwa sababu ya chai yetu. Mtu aliyemaliza kula kuku mahali pa namna hiyo, akaomba "te im khalav", chai ya maziwa, atanyimwa maziwa, naye akidhani amebaguliwa atakuwa amewaonea wenyeji wake. Na aseme "te bli khalav", chai ya rangi, atapewa mara moja. Kwa muuza falafeli, yaani vitonge vya dengu vya kukaanga, jambo ni jepesi zaidi: akiuliza "kharif?", anataka kujua kama unataka pilipili.

Mkialikwa nyumbani kwa mtu, mtasikia "tokhal, tokhal!" kwa kaka na "tokhli!" kwa dada. Kisarufi hiyo ni njeo ya wakati ujao, "utakula", lakini mazungumzoni ndiyo amri ya kirafiki ya kila siku. Msiikatae mara ya kwanza; onjeni, mseme "taim meod", ni kitamu sana, na mkishiba kweli semeni "toda, ani savea" au "toda, ani svea", yaani asante, nimeshiba.

Limebaki neno "beteavon", yaani hamu njema ya kula. Kwetu, anayekula ndiye humwambia anayepita "karibu". Kule, anayepita pia humtakia anayekula hamu njema, naye hujibu "toda" na kuendelea kula, bila yeyote kuhesabiwa kuwa mchoyo.

Tugawane sasa wawiliwawili, kaka na dada kila inapowezekana. Dada waanze kwa "ata raev?", kaka wajibu, kisha wabadilishane, nami nitapita nikisikiliza mkazo.