Bibi Hattie na mti wa Lafayette Avenue

Haya asanteni sana, wale wa nyuma sogeeni mbele viti bado vipo. Leo nataka tumkumbuke mama mmoja ambaye nadhani wengi humu hamjawahi kumsikia, Hattie Carthan, Mmarekani mweusi, alizaliwa mwaka 1900 kule Portsmouth, Virginia, akafariki 1984, na kazi yake kubwa aliifanya Brooklyn, New York. Hakuwa mwanasiasa wala profesa wa mimea, alikuwa mkazi tu wa mtaani anayependa miti, na nyie mnaojitolea kwenye bustani za mitaa mkishamjua mtamwita bibi, mimi nishaanza.

Mtaa wake unaitwa Bedford-Stuyvesant, watu wanafupisha Bed-Stuy. Huko miaka ya 1930 ramani za mikopo za serikali ziliupaka mtaa ule rangi nyekundu, yaani mabenki hapa msiweke hela zenu, na moja ya sababu ilikuwa kwamba watu weusi wanaishi pale. Sasa mwenye nyumba asiyekopesheka anakarabati kwa kitu gani? Nyumba zikachakaa, wenye uwezo wakahama, na miti ya barabarani ikawa inakufa mmoja mmoja na hakuna anayerudishia. Nalisema hili kwasababu nimechoka kusikia kwamba mitaa ya maskini haina miti eti wakazi hawajali, jamani, mtaa ule ulinyimwa pesa kwanza, kivuli kikaondoka baadaye.

Bibi Hattie angeweza kuhama na yeye. Hakuhama, alikuwa anasema mtu una deni kwa mtaa wako na yeye hakutaka kukimbia. Mwaka 1964, ana miaka 64, umri ambao wengi tunatafuta kupumzika, akawaandikia majirani wa Vernon Avenue postikadi akiwaita kikao, wakaja wachache tu, na hao hao wachache ndo wakaanzisha chama cha mtaa. Wakafanya sherehe ya nyama choma, hela iliyopatikana ikaenda kwenye miti, alafu wakamwalika mpaka meya, John Lindsay, na meya akaja kweli. Kutoka hapo wakapata mpango mzuri sana na jiji, kwamba wakazi wakinunua miti 4 jiji linaongeza 6. Mwisho wa siku kamati yake ikawa imepanda miti zaidi ya 1,500 kwenye barabara za Bed-Stuy.

Lakini kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni ule mti mmoja wa Lafayette Avenue. Ni magnolia, ile aina yenye majani mapana yanayong'aa ambayo hayapukutiki hata wakati wa baridi, na maua meupe makubwa yenye harufu nzuri. Ni mti wa kusini mwa Marekani, kwenye joto. Mche wake uliletwa kutoka North Carolina mwaka 1885 na bwana mmoja William Lemken akaupanda mbele ya nyumba yake, na hakuna aliyetegemea ungedumu na theluji ya New York, ila ukadumu, kwasababu nyuma yake kuna nyumba za ghorofa zinazoukinga na upepo wa kaskazini. Sasa nyumba hizo zikawekwa kwenye mpango wa kubomolewa! Hapo ndo utaona akili ya mtunza bustani, Bibi Hattie alielewa kwamba nyumba zikienda mti nao umekwenda, hata kama hakuna aliyeugusa kwa shoka. Akapigania mti kwanza, mwaka 1970 jiji likautangaza kuwa urithi unaolindwa kisheria, na hadhi hiyo New York imewahi kuupa mti mmoja mwingine tu, uliokuwa Flushing na ulishakufa. Alafu akarudi kupigania na nyumba, watu wa mtaa wakachanga, zikaokolewa, zikawa kituo cha kufundishia mazingira, Magnolia Tree Earth Center.

Na watoto je? Mwaka 1971 alianzisha kikosi cha vijana wa mtaa, wakawa wanapewa posho kidogo, wanafundishwa kuitambua miti, kulegeza udongo kwenye shina, kumwagilia, kukatia matawi. Mniwie radhi hapa nitasema kwa uchungu kidogo, sisi tunapenda sana siku ya kupanda, picha, tisheti, mgeni rasmi, alafu kiangazi kikija mche unakauka na hakuna anayejua ndoo iko wapi. Wangari Maathai alilijua hili pia, alipoanza na akina mama Kenya mwaka 1977 malipo yao madogo yaliangalia miche iliyopona, sio iliyochimbiwa tu shimo, na mimi naona wale wanawake wawili wangeelewana vizuri sana kama wangekaa pamoja.

Magnolia ipo mpaka leo. Na pale kona ya Lafayette na Marcy kuna bustani ya jamii yenye jina la Hattie Carthan, wakazi wanalima mboga. Haya, maswali, mama pale mbele uliyenyoosha mkono, karibu.