Honda CG125 ya kizamani tunaitoa kafe resa: usiguse grinda kabla hujatizama hii

Assalaam alaykum jamaani, karibuni tena karakanani Mwanakwerekwe, Zanzibar. Leo hakuna Vespa, wapenzi wa Vespa mnisamehe. Leo tuna Honda CG125, ile ya mwanzo ya pointi, vile visahani vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche, na umeme wa volti 6. Imekaa ukumbini kwa mzee mmoja shamba mpaka kuku wakaifanya kiota. Hilo ni jani la mnazi hapo chini ya tangi, sijalitia mimi.

Kwa asiyeujua mtindo huu wa kafe resa: ulianza Uingereza. Miaka ya 1950 vijana wa London wakizivua pikipiki zao kila kisicho na kazi, wakainamia tangi, wakakimbizana kutoka mkahawa mmoja hadi mwengine. Mkahawa maarufu ni Ace Cafe, uliofunguliwa 1938 kando ya barabara ya North Circular. Shabaha yao ilikuwa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Hii yetu ina nguvu za farasi kama 11 tu, haifiki huko, na ikifika utaipeleka wapi, Bububu? Sisi tunataka umbo na wepesi, basi.

Kuvua sikuonesheni, spana mnazijua. Piga picha kila waya kabla hujauchomoa, tia nati kwenye vifuko, andika. Bolti zilizoganda kwa chumvi usizilazimishe, zitakukatikia. Zimwagie mafuta ya kulainisha kutu, zilale nayo usiku kucha, asubuhi pasha moto kidogo ndiyo uguse.

Sasa fremu. Hapa ndipo pikipiki nyingi zinapokufa. Mtu kaona picha kwenye simu, mkia mfupi, kashika grinda, kakata. Njoo karibu na kamera. Unaona hapa shokapu ya nyuma inaposhika fremu? Na hii kona ya chuma iliyochomelewa juu yake? Hapo ndipo mpaka. Kata nyuma ya hapo, usikate mbele ya hapo wala usikate juu ya hapo. Chaki, mstari, kisha weka siti juu yake, kaa, tizama makalio yako yanaishia wapi. Mimi nina makalio ya mzee, naacha nafasi.

Tumekata. Pale mwisho tunatia bomba lililopindwa kama herufi U. Usilibandike tu mdomo kwa mdomo. Ingiza kipande cha bomba chembamba ndani, nusu kiingie kwenye fremu, nusu kwenye U, ndiyo uchomelee. Mpwa wangu, geuza kamera, huo mwanga wa kuchomelea utakuharibia macho na kamera pamoja.

Kabla ya rangi, funga gurudumu la nyuma na shokapu, pandeni watu wawili, mtikisike. Tairi ikigusa lile bomba, inua bomba. Afadhali ujue sasa kuliko kwenye tuta la barabarani.

Siti yenyewe hii ya nundu ni fiberi. Wale mafundi wa boti wanaoziba mashua wanayo fiberi na dawa yake, ni kitu kilekile. Ninatengeneza hapahapa na kuuza, nitasema mwishoni.

Injini. Hii ndiyo sababu naipenda CG. Honda waliitoa 1976, na hawakutia kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, juu na cheni yake ndefu, walitia fimbo mbili za kusukuma vali. Haina mambo mengi, inavumilia oili mbaya na fundi mbaya. Wachina wakaiiga injini hii kwenye pikipiki zao nyingi, kwa hiyo vipuri vya aina yake havina tabu. Ila usinunue kwa macho, nenda na kile cha zamani mfukoni, ulinganishe. Pistoni kipenyo chake milimita 56.5, mwendo wake 49.5. Pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukucha ukikwama kwenye mchubuko, peleka silinda ikachongwe. Na nunua pistoni kwanza! Fundi anachonga silinda kwa kuipima pistoni uliyonayo mkononi, siyo ile utakayokuja kuinunua.

Kurudisha pistoni. Juu yake pameandikwa IN. Hiyo IN itizame nyuma, upande wa kabureta. Haya, sasa nisikilizeni. Kabla hujashika klipu, ile inayozuia pini ya pistoni isitoke, ziba tundu la injini kwa kitambaa. Kitambaa kisafi, kikubwa, kijae. Hii klipu ni kiwaya kidogo tu, tizama, hakifiki upana wa kidole changu. Kikikuponyoka kinaruka, na kikiruka siku zote kinapenda kuingia ndani ya injini. Kikiingia humo, utaipasua injini nzima kukitafuta.

Kitambaa kipo? Kipo. Klipu ya kwanza niliitia pistoni ikiwa mezani, kwa hiyo hapa imebaki moja. Isukume kwa kidole gumba huku kidole kingine kimeizuia kwa mbele. Imelia "tak". Sasa izungushe kwa bisibisi, mdomo wake usikae kwenye ule mwanya wa kutolea. Na klipu ziwe mpya. Usirudishe ya zamani, hata kama inang'aa, hata kama duka limefungwa. Subiri duka.

Mpwa wangu ananiuliza kitambaa nitakitoa lini. Swali zuri. Ringi zikishaingia kwenye silinda, kabla silinda haijakaa chini kabisa. Kitoe, na ukihesabu, kiwe kizima. Silinda imekaa, gasketi mpya, hedi yaani kifuniko cha juu, fimbo mbili zikae kwenye vikombe vyake. Zishike kwa vidole wakati unafunga roka, vile vikono vinavyobonyeza vali, la sivyo moja itakaa pembeni na vali haitafunguka.

Vali: zungusha magineti mpaka alama ya T ifike kwenye mstari, roka zote mbili zicheze kidogo. Zisipocheza, zungusha mzunguko mmoja tena. Fila, kile kibati cha kupimia mwanya, ya milimita 0.08, kwa vali zote mbili, injini ikiwa baridi. Watu wanaogopa kelele, wanazibana. Kelele kidogo haiui. Vali iliyobanwa inaungua. Pointi acha mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4, plagi 0.6 hadi 0.7. Twende.

Tangi. Ndani lilikuwa jekundu kwa kutu. Tulitia siki na konzi ya nati ndogo, likatikiswa, likalala, likatikiswa tena. Ni ile kazi ya kusugua shaba ya mlango kwa ndimu, ila hapa huoni unachosugua. Baadaye suuza kwa maji yenye magadi, lianike juani, mwagia oili kidogo papo hapo. Hewa yetu hii ya bahari hailisubiri mpaka kesho.

Hendeli. Tumetoa ile ndefu, tumetia vipande viwili vinavyobana kwenye shokapu za mbele. Sasa geuza kulia mpaka mwisho. Vidole vyako vinapita kati ya hendeli na tangi? Geuza kushoto. Vinapita? Visipopita, pandisha hendeli, usidanganyike na urembo. Peda za miguu mimi naziacha palepale. Najua wenye kujua watanisema, lakini magoti ni yangu.

Na kava ya cheni haitoki. Ndiyo, kafe resa zote kwenye picha cheni iko wazi. Picha zile hazikupigwa Chwaka. Honda waliifunika cheni hii pande zote, mchanga na chumvi vibaki nje. Ipake rangi nyeusi, haionekani.

Haya, oili karibu lita moja, betri, petroli tunafungua koki, tunapiga... Subiri. Subiri kwanza. Sogeza kamera hapa chini. Mnaona hilo tone kwenye kimpira cha kabureta? Na jengine. Funga koki! Usiwashe pikipiki inayovuja petroli, hata kama watu wamesimama wanatizama.

Kabureta ikimwaga hivi, mara nyingi sindano ya boya, ile inayofunga petroli kikombe kikijaa, haizibi. Tunafungua kikombe cha chini. Tizama ncha ya sindano. Kile kidoa chekundu ni kutu ya tangi. Chembe moja tu! Tunafuta, tunapuliza njia yake, na tunatia chujio kwenye mpira wa petroli, kilichotakiwa kuwepo toka mwanzo. Fungua koki. Tunangoja. Pakavu.

Piga kiki. Tena. Eee! Sikilizeni hiyo.

Usipande bado. Ikiwa inanguruma polepole, geuza hendeli kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Sauti isibadilike. Injini ikipiga resi yenyewe unapokata kona, waya wa eksileta umebana, upitishe njia nyengine. Siku hiyo barabarani Darajani, gari mbele na baiskeli pembeni, utanikumbuka.

Mwanzoni usiibane, mwendo wa wastani, na oili ya kwanza imwage mapema, itatoka na unga wa chuma. Angalia vali tena baada ya hapo. Injini ikiwa baridi, nimesema.

Siti za nundu ziko mbili, nyeusi na ya hudhurungi. Anayetaka anitumie kipimo cha upana wa fremu yake kwa milimita, siyo kwa shibiri. Na wewe unayeenda kufungua injini leo usiku: kitambaa.